Debe la Dunguni

Viganja vyangu vinanuka kutu ya debe, na harufu hiyo inanirudisha dunguni, kwenye kile kichanja kirefu katikati ya mpunga nilikokuwa naamia ndege, kuwafukuza wasiule. Debe nilikuwa nalipiga kwa mdundo wa taarabu za harusini, nisichoke upesi. Asubuhi moja, kutoka dungu la ng'ambo ya matete, mtu nisiyemwona akaniitikia kwa mdundo uleule, akaongeza na wake. Nikanyamaza nimsikilize. Ndege wakatua.

"Wewe, unaamia ndege au unawakaribisha?" mama akauliza kutoka matopeni.

Kesho yake nikapenya matete kumtafuta. Nikamkuta msichana wa rika langu, debe mapajani, naye kafokewa kwao.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Na ule wa kumtoa bibi harusi nje, unaujua?"

Nilikuwa naujua wote.

Leo tunamalizia albamu yetu ya kwanza. Fundi mitambo anauliza kwa nini katikati ya wimbo madebe yananyamaza muda mrefu vile. Mwenzangu ananitazama, anacheka.

"Hapo ndege wanakula," anamjibu.