Dakika Nne Kabla ya Bendera

Mwanangu, iko siku moja ya Oktoba ambayo siisahau, hata haya maradhi ya uzee yakija kunisahaulisha jina langu. Kaa nikusimulie. Naona simu yako inatetemeka hapo mezani tangu ulipoingia. Ukitaka kuipokea ipokee, sitakasirika, maana habari yenyewe ni ya simu.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa kijana wa miaka thelathini, fundi magari niliyetoka Tanga, nakaa huku ughaibuni, Langley Park ya Maryland, katika fleti ya vyumba viwili na mwenzangu Hamisi wa Mombasa. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu, na hatukuwahi kugombana hata kwa sufuria. Alikuwa akiendesha lori la mikate siku za kazi. Aliniita Fundi, nami nilimwita Dereva, na majina yetu halisi yalibaki kwenye bahasha za barua tu.

Hamisi alikuwa na donda moja. Aliondoka kwao Likoni mama yake hataki. Siku ya safari mama huyo, Bi Mwanahawa, alijifungia chumbani, hakutoka kumuaga. Mwaka uliofuata baba akafariki, na Hamisi hakuweza kwenda kuzika kwa sababu karatasi zake za hapa zilikuwa hazijakaa sawa. Tangu hapo mama akakataa kuja kwenye simu. Miaka mitano Hamisi alikuwa akipiga kwa zile kadi za kukwangua, akiongea na dada yake, akituma salamu, na jibu lilikuwa lile lile, kwamba mama amesikia. Wewe umezaliwa huku, pengine hujui radhi ya mama ni kitu gani kwa mtu wa pwani. Hamisi akipata homa, akikosa kazi, hata akipasukiwa na tairi, alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Ni yale ya mama." Alikuwa akiingoja ile radhi kama mtu anavyongoja mvua, anaangalia juu kila asubuhi.

Sasa, mbio. Karakana niliyofanya kazi ilikuwa Temple Hills, na mmoja wa wateja wetu alikuwa mzee wa Kizungu aitwaye Roy. Alikuwa na gari la mashindano, la aina ile inayotokana na gari la kawaida la barabarani: limetolewa viti na vioo, ndani limefungwa mabomba ya chuma ili likipinduka dereva asipondeke. Niliporekebisha injini yake mara mbili tatu akaniomba niwe naenda naye uwanjani kila Jumamosi, huko kusini mwa Maryland. Nikamchukua Hamisi kwa matembezi tu. Mzee Roy alimpa mzunguko mmoja wa majaribio, na aliposhuka hakumrudisha tena kwenye jukwaa la watazamaji. Akamfanya dereva wake.

Mzee Roy alipenda kusimulia. Kutoka kwake nilijifunza kwamba mbio kubwa za mwisho wa msimu, zile za Oktoba, zilianzishwa na wakulima wa tumbaku wa pale pale. Wakishaning'iniza tumbaku ghalani ikauke walikuwa hawana kazi, basi wakawa wanashindana kwa magari yao mabovu kuzunguka shamba la mmoja wao. Baba yake Roy alikuwemo katika zile za kwanza na akashika mkia. Baadaye shamba likawekwa lami na uzio, madereva wakaanza kuja kutoka Virginia, Delaware na Pennsylvania. Mwaka ambao petroli iliadimika walikimbia nusu ya mizunguko, lakini walikimbia. Mwaka ambao dereva mmoja alikufa kwenye kona ya tatu, mjane wake alikuja mwaka uliofuata akaomba apeperushe yeye bendera ya kuanzia, na akawa anaipeperusha kila Oktoba mpaka uzee ukamzuia. Karibu na kibanda cha soseji palikuwa na ubao mrefu wa mwaloni, na juu yake, kwa rangi nyeupe na kwa mkono, yaliandikwa majina ya washindi wote tangu wale wakulima. Kila mshindi alipanda ngazi akaandika jina lake mwenyewe, watu wakitazama. Mzee Roy alikuwa akinionyesha jina moja moja na kisa chake. Akaniambia ubao ule utakuwepo sote tukiwa mavumbini.

Mwanangu, hapo ndipo nilipoingiwa na kichaa. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu ambaye hakuna anayeweza kutamka jina lake. Nikautazama ubao ule, Miller juu ya Johnson juu ya Taylor, nikasema lazima pale paandikwe Hamisi. Na mimi nitajua kwamba injini iliyompandisha ile ngazi niliifunga mimi. Niliifanyia kazi ile injini mwaka mzima, nikiitoa na kuirudisha, nikila nimesimama. Hamisi mwenyewe alikuwa akinicheka, akiniambia kuwa ninaliposa gari.

Siku yenyewe ikafika, mchana wa jua zuri. Kazi yangu wakati wa mbio ilikuwa kusimama juu ya jukwaa na kuzungumza na Hamisi kwa redio ya masikioni, nimwambie nani yuko kushoto na nani anamkaribia nyuma, kwa sababu dereva akishafungwa mikanda haoni pembeni. Sauti yangu pekee ndiyo iliyomfikia mle ndani. Na desturi ya pale ilikuwa dereva kumwachia simu yake mtu wa redio. Kwa hiyo nilikuwa na redio mkono huu na simu ya Hamisi mkono huu.

Magari yakapangwa. Bendera ikakaribia kupepea, mara gari moja likamwaga mafuta barabarani, ikatangazwa kwamba tusubiri wasafishe, kama robo saa. Hamisi amekaa ndani ya gari, injini imezimwa, hana la kufanya. Ndipo simu yake ikaita.

Nilidhani ni ya kubipu, kama walivyofanya watu wote wa nyumbani wakati ule, inaita mara moja inakatwa ili wewe upige. Hii haikukatika. Nikapokea, nikasikia sauti ya mwanamke mzee anayehema.

Alisema yeye ndiye Bi Mwanahawa. Yuko hospitali, mjukuu wake amempigia kisha ametoka kumtafutia maji, na yuko peke yake. Akauliza Hamisi yuko wapi. Nikamwambia yuko kazini, ndani ya mashine, hawezi kutoka. Akasema, "Mwambie nataka kumsikia tu, baba. Sitamkawiza."

Ningeweza kuisogeza simu kwenye redio. Kitufe kilikuwa chini ya dole gumba langu. Lakini nilimfahamu Hamisi. Akiisikia sauti ile angefungua mikanda, angelia, na gari lisingeondoka pale. Nikautazama ubao, na nikasema neno ambalo ningelitoa mkono huu nisiwe nimelisema. Nikasema, "Akitoka tu, mama, atakupigia mwenyewe. Baada ya saa moja hivi."

Kisha akaongea polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alisema alikasirika kwa sababu aliogopa, na hasira ikazoea kukaa. Alisema Hamisi asibebe la baba yake, baba yake hakuwa na kinyongo. Halafu akasema, "Mwambie nimempa radhi, ya duniani na ya akhera. Nilitaka aisikie kwangu." Nikasema nitamwambia. Akanishukuru, mwanangu. Mama yule alinishukuru.

Mbio zikaanza, na tulishinda. Nilimwongoza Hamisi mizunguko yote bila sauti kunitetemeka. Alipokuwa akizunguka na bendera dirishani, simu ikaita tena. Alikuwa dada yake analia. Mama amekwenda.

Hapo nikakumbuka adabu zetu, nikazikimbilia. Kwetu hatumpi mtu habari ya msiba akiwa njiani au katikati ya kazi. Unamfikisha kwanza nyumbani, unamkalisha, unampa maji, na wakubwa ndio wanaosema. Basi nikanyamaza. Nikamwacha apigwe picha. Nikamwacha apande ngazi na brashi, aandike HAMISI kwa herufi kubwa, Mzee Roy akifuta macho. Nilipiga makofi huku nikijua. Njiani nikampigia kwa kificho Bi Zuhura, mama wa Kizanzibari wa jengo la pili aliyekuwa mkubwa wetu sote pale Langley Park, akakusanya watu. Tulipofungua mlango wa fleti, Hamisi aliona viatu vingi mlangoni na jamvi limetandikwa, akakaa chini pale pale kizingitini. Alikuwa bado amevaa nguo za mbio.

Ile simu ya kwanza sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia arobaini ikipita. Siku ya tatu akaja jikoni ameshika simu yake.

"Fundi, hii call ya kwanza ni ya nani? Dakika nne. Ni kabla ya bendera."

Nikamweleza yote. Nilimwambia mama alipiga mwenyewe, na neno kwa neno alivyosema kuhusu radhi. Nilidhani walau hilo litampoza. Alinitazama kama mtu anayetazama kitu kilicho mbali.

"Alikuwa na nguvu ya kuongea dakika nne," akasema, "nami nilikuwa nimekaa tu kwa gari, nangoja wafagie mafuta."

Nikasema, "Lakini alikupa radhi, Hamisi. Naapa."

"Ulinificha akiwa hai. Ukanificha akiwa amekufa, ukanipandisha ngazi mbele ya watu. Sasa nitajuaje kama hili nalo hulisemi ili nilale?"

Aliyesikia maneno yale ni mimi peke yangu. Dada hakuwepo, mjukuu alikuwa ametoka kutafuta maji. Ningekuwa mkweli kwa dakika nne, ningekuwa shahidi. Nilikuwa nimeiharibu sauti pekee ambayo ingeweza kumfikishia radhi ya mama yake.

Nilikwenda kwa Bi Zuhura kujitetea. Nilimwambia nilifuata mila, kwamba habari mbaya haitolewi mtu akiwa kazini. Alikuwa anakunja kanga za watu waliokuja msibani, hakuacha kukunja.

"Mila ile ni ya maiti," akaniambia. "Humwambii mtu upesi kwa sababu maiti hana haraka tena. Yule mama alikuwa hai, na aliyekupigia akimtafuta mwanawe amekupa amana. Usinitajie mila hapa. Ulitaka gari lishinde."

Nikaondoka kwake bila kuaga vizuri. Mwezi ule Hamisi akahama. Karatasi zake zilipokaa sawa alikwenda kwao kuzuru kaburi, akarudi, akaoa, akanunua nyumba Germantown. Hakukaa tena kwenye gari la mbio. Tunakutana kwenye misiba na harusi, ananipa mkono, ananiuliza hali, ana adabu zake. Mara moja, miaka imepita, nilijaribu tena. Nilimwambia hata niapishwe kanisani, hata nikiwa kitandani naumwa, popote, ni kweli mama alimsamehe. Akaniambia, "Yaache hayo, Fundi." Nilimwona usoni kwamba bado anaingoja ile radhi.

Na zile mbio? Mzee Roy alikufa. Warithi wa uwanja wakauuza, na mbio zilizovuka uhaba wa petroli na kifo cha dereva zikaisha kwa saini ya mtu mmoja. Nilikwenda kuutafuta ubao. Nilikuta nyumba za safu, zimepakwa rangi ya maziwa, na watoto wanaendesha baiskeli pale palipokuwa kona ya tatu. Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa akiuza soseji enzi zile, akasema ubao ulichomwa pamoja na mabenchi. Majina yote, ya wakulima, ya Miller na Johnson, ya Hamisi. Hakuna anayeweza kukuambia leo nani alishinda mwaka ule. Nimebaki mimi, na mimi ningependa nisijue.

Basi nasaha yangu ni hii, na sina nyingine iliyonigharimu kama hii. Mtu akikupigia anamtaka mwenziwe, mpe mwenziwe. Usimpimie wakati. Usimwamulie mtu kwamba anachokifanya ni kikubwa kuliko sauti ya mama yake, hata kama nawe una mkono katika kile anachokifanya, na hasa ukiwa nao. Ukitaka kunyamaza kwa adabu, jiulize kwanza adabu hiyo inamfaa nani. Mimi sikujiuliza, na radhi ya mtu mwingine imekaa kifuani mwangu miaka yote hii, mwenyewe hataki kuichukua kwangu, na nikifa inakwenda nami.

Mungu akujalie watu wa kukuita wakiwa hai. Akujalie aliyesimama kati yenu awe mtu mwema kuliko nilivyokuwa mimi. Na siku ukisimama wewe kati ya wawili, akufungue mkono upesi. Amina.

Haya, hiyo simu inaita tena. Nimeliona jina la mama yako. Pokea.