Bi. Tolliver Aliyeitwa Mara Tatu

Mlango wa Benki ya Akiba ya Dorkasi, katika mtaa wa Jackson Ward mjini Richmond, ulikuwa na kengele ndogo ya shaba, na kila ilipolia Ardelia Pankey alinyoosha mgongo. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, karani aliyekuwa bado katika majaribio, na alijua vyema kilichomngoja akishindwa: kiwanda cha tumbaku, ambako wanawake walichambua majani tangu alfajiri mpaka harufu ikaingia hata kwenye mkate wao. Dada yake mkubwa alikuwa huko. Kila jioni alirudi akipiga chafya, akamtania: "Nimekushikia nafasi karibu na dirisha, mdogo wangu. Usidhani ni benki tu yenye madirisha."

Benki hiyo iliasisiwa na wanawake weusi wa chama cha kuzikana, waliochoka kuona akiba zao zikilala ndani ya magodoro. Mweka hazina wake, Bi. Hortense Braxton, aliiendesha kwa kanuni nyingi, lakini moja ilizipita zote: mteja aitwe kwa jina la ukoo, litanguliwe na Bi. au Bw., na sauti ifike barabarani. Wazungu wa Richmond hawakumpa mwanamke mweusi heshima hiyo. Dukani, stesheni, hospitalini, aliitwa kwa jina la utotoni, na akizeeka aliitwa "shangazi" na watu wasiokuwa na udugu naye hata wa kuombea chumvi. "Hapa kwetu," Bi. Braxton alimwambia kila karani mpya, "hata aje na senti moja, aliyeingia ni Bibi mtu mzima."

Masika yale Bi. Braxton aliwekea matumaini yake yote Umoja wa Wafuaji wa Church Hill, wanawake waliofua nguo za nusu ya matajiri wa mji, na ambao hazina yao ilikaa ndani ya kopo la unga. Mwenyekiti wao alikuwa mjane aitwaye Kezia Tolliver. Akiingia yeye, wote wangemfuata.

"Hao wakija, Ardelia, dirisha la wateja ni lako," alisema Bi. Braxton. "Wasipokuja, sina mshahara wa karani wa pili. Nakuambia mapema ili tusije tukalaumiana."

Wapo wanaosimulia kuwa Kezia alikuja Jumamosi ya kabla ya Pasaka. Ardelia, hata alipokuwa bibi kizee, alishikilia kuwa ilikuwa baada yake, kwa sababu mama huyo alivaa kofia mpya yenye zabibu za nta, na hakuna mwanamke wa Church Hill ambaye angethubutu kuivaa kofia ya Pasaka kabla ya siku yenyewe. Alimtajia bawabu jina lake, akaketi kwenye benchi lililojaa watu. Bawabu akapitisha karatasi dirishani. Ardelia, ambaye hakuwahi kumtia machoni, aliposoma jina lile moyo ulimruka.

"Bi. Tolliver!" aliita.

Benchi zima likatazamana.

"Bi. Tolliver!"

Mama mwenye zabibu kichwani alimwinamia jirani yake. "Huyo Bi. Tolliver naye ana maringo! Anaitwa kama malkia, naye hataki kuinuka."

"Labda kiziwi, masikini," alijibu jirani.

Ardelia aliita mara ya tatu, kama kanuni ilivyotaka, kisha kwa huzuni akaiweka karatasi kando na kumwita mwingine. Waliokuja nyuma walihudumiwa, wakaondoka. Hatimaye Kezia alisimama, akaikung'uta sketi yake, akatoka kwa kishindo kilichoifanya kengele ilie mara mbili. Kesho yake, nje ya kanisa, aliwatangazia wafuaji kuwa benki ya Jackson Ward ni ya wenye majina, na kopo la unga lingebaki palepale lilipo.

Habari ilifika kwa Bi. Braxton kabla chakula cha mchana hakijapoa. Karani mwenzake Ardelia, Bi. Roane, alitoa shauri jepesi. "Mwenzangu, kila mtu anamwita Kezia. Akija tena, mwite Kezia, yaishe. Kanuni haitakulipia kodi."

Jumatatu Ardelia aliomba ruhusa, akapanda Church Hill. Alimkuta Kezia uani kwake, mvuke ukimzunguka, akikoroga mashati kwenye sufuria kubwa kwa mti uliopauka kwa sabuni.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye karani wa dirishani."

"Marahaba. Nakujua. Niliketi mbele yako mpaka makalio yakaota mizizi. Watu wamekuja nyuma yangu, wamekwenda, mimi ni benchi tu."

"Lakini nilikuita, mama. Nilikuita mara tatu!"

"Mwongo wewe! Masikio yangu haya hayajaziba kwa povu. Ulikuwa unamwita Bi. Tolliver."

"Ndiyo, mama."

"Bi. Tolliver ni mama mkwe wangu, na tumemzika. Na hata alipokuwa hai, aliyekuwa akimwita hivyo ni mchungaji peke yake, tena akitaka sadaka."

Ardelia alijitahidi kujizuia, lakini kicheko kilimponyoka. Kezia alimkodolea macho. Kisha, neno kwa neno, yale aliyomnong'oneza jirani yake kuhusu mwanamke mwenye maringo yakamrudia. Akaushika ukingo wa sufuria, akacheka mpaka machozi yakachanganyika na mvuke.

"Ee Bwana! Nimejisengenya mwenyewe, tena hadharani!" Alipotulia akajipangusa kwa aproni. "Basi yamekwisha. Jumamosi nitakuja na wenzangu. Wewe niite Kezia tu, nitasikia."

Lilikuwa jambo dogo. Kukubali tu, na dirisha lingekuwa lake. Lakini Ardelia alimkumbuka mama yake, naye mfuaji, akisimama nyuma ya jumba la hakimu na kikapu kichwani huku mtoto asiyefika kiunoni mwake akipiga kelele: "Viney! Viney kaleta nguo!"

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini? Mke wa daktari ananiita Kezia. Toto lake linaniita Kezia. Nadhani hata mbwa wao angeniita Kezia, ila Mungu kamnyima ulimi."

"Ndiyo maana siwezi."

Kezia aliopoa shati, akalikamua polepole mpaka halikubaki na tone. "Nenda zako," alisema, bila kumtazama. "Umenipozea maji."

Ardelia alishuka kilima asijue amefanya nini. Siku tano zilizofuata dada yake alimfundisha namna ya kuung'oa mshipa wa jani la tumbaku bila kulichana.

Jumamosi kengele ililia, ikalia tena, ikawa haikomi. Wafuaji waliingia na kofia zao, wakalijaza benchi, waliobaki wakasimama ukutani. Katikati yao ziliketi zile zabibu za nta, na chini yake, mapajani, kopo la unga. Karatasi ilipita dirishani. Bi. Braxton alitoka ofisini, akasimama mlangoni.

"Bi. Tolliver!"

Hakuna aliyetikisika. Kezia alitazama dari.

"Bi. Tolliver!" Ardelia alirudia. Nyuma yake Bi. Roane alinong'ona, "Sema Kezia, bibi we, sema!" Ardelia alishika ukingo wa meza, akavuta pumzi, akaita kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi: "Bi. Tolliver!"

Hapo Kezia aliinuka taratibu, akaiweka sawa kofia yake, akaja mpaka dirishani.

"Nilikusikia tangu mara ya kwanza, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nakula utamu wake."

Dirisha likawa la Ardelia, na alikaa nalo mpaka nywele zikageuka mvi. Lakini desturi ilikuwa imekwisha kuzaliwa: tangu siku ile hakuna mwanamke wa Church Hill aliyeinuka kabla ya kuitwa mara ya tatu. Foleni za Jumamosi zikawa ndefu mno, hata Bi. Braxton akalalamika kuwa kanuni yake mwenyewe inamchelewesha kula. Na aliyekuwa mzito kuinuka kuliko wote, alisema Ardelia, alikuwa Bi. Pankey, mama yake mzazi, aliyemfanya amwite mara nne.