Vipimo vya Bibi Harusi Ndani ya Kitabu cha Kijani

Mtaani walimwita Fundi Kurasa. Cherehani yake ilikaa dirishani, na kila aliposhona kitu kirefu kisicho na kona, shuka au pazia, riwaya ilikuwa wazi mbele yake, imekandamizwa na mkasi mzito wa kukatia. Miguu ilikanyaga, mikono ilisukuma kitambaa, macho yalisoma. Mapazia ya shule ya wasichana peke yake yalimmalizia riwaya tatu. Kola ndizo zilizomkosesha raha, maana kola inataka akili yote.

Vitabu aliviazima maktaba ya mtaa, chumba kimoja kilichobanwa kati ya posta na kinyozi, na hakurudisha hata kimoja bila neno. Alichukua kikaratasi cha vipimo ambacho nguo yake imeshaondoka na mwenyewe, akakigeuza, akaandika maoni yake upande mtupu, kisha akakichomeka ndani ya jalada. Riwaya ya upelelezi aliiandikia: “Imekatwa vizuri lakini bitana inachungulia. Muuaji ni daktari. Nilimjua mapema kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa mpole.” Ya mizimu: “Mzimu huu kazi yake ni kufungua milango. Kwangu upepo unafanya hivyo kila siku na hatuuogopi.” Ya safari za angani: “Wamefika sayari ya saba na bado mwanamke ndiye anayepika. Mwandishi amekwenda mbali bila kutoka nyumbani kwake.” Ya vita: “Nimeshona mashuka sita huku nalia. Kaka mdogo harudi. Isome, ila si siku ya kazi ya haraka.”

“Wasomaji wangu siku hizi wanaazima vikaratasi,” mkutubi alimwambia, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa Fundi mwenyewe. “Vitabu wanavichukua kama bahasha tu.”

Jumatano moja, siku tatu kabla ya harusi ya binti wa kaka yake, Fundi alitandaza satini nyeupe mezani, akashika chaki, akafungua kopo la vikaratasi. Cha bibi harusi hakikuwemo.

Alikaa chini. Kwa kawaida vipimo huvihamishia kwenye daftari siku ileile. Lakini siku aliyompima yule binti alikuwa amebakiza kurasa kumi za riwaya ya mapenzi yenye jalada la kijani, na kurasa kumi za mwisho hazina subira. Alipomaliza alinyoosha mkono, akaokota kikaratasi kilichokuwa karibu, akaandika nyuma yake: “Kitamu mwanzo hadi katikati. Mwisho haukupigwa pindo.” Kesho yake akakirudisha kitabu.

Kumpigia binti simu ajipime upya kulimaanisha wifi kujua kabla jua halijazama. Na wifi, mama wa bibi harusi, alitaka gauni la dukani tangu mwanzo. “Wifi yangu fundi mzuri,” alisema mbele ya ukoo mzima, “lakini nguo hii haitaki mtu anayesoma.” Ni binti mwenyewe aliyeshikilia: kama si shangazi, basi atavaa gauni la kazini. Fundi alijifunga kanga kiunoni, akaenda maktaba.

“Kile cha kijani kimechukuliwa na nani?”

“Hilo siwezi kusema, Fundi.”

“Nipe herufi ya kwanza tu.”

“Hata nukta sikupi. Siri ya msomaji ni kama ya mgonjwa.”

“Mgonjwa wa nini? Si anasoma mapenzi tu?”

“Ndiyo maana,” mkutubi alisema, akarudi kupiga mihuri yake.

Fundi alisogea kwenye rafu ya mapenzi, akaanza kufungua kimoja kimoja, bila kujua hasa anatafuta nini. Pembeni mwa kurasa kulikuwa na doa, kitabu baada ya kitabu. Alikuwa ameliona mara nyingi bila kulitilia maanani. Sasa alikiinua kitabu dirishani. Mafuta ya kupikia husambaa na kuacha umanjano. Haya yalikuwa yameganda kama nta, meupe, yenye umbo la dole gumba pana kama kijiko. Miaka ishirini alikuwa anatoa madoa kwenye nguo za watu. Alikirudisha kitabu rafuni, akatoka bila kuaga.

Mwenye bucha alikuwa mtu wa kifua kama mlango, ambaye hakuna aliyewahi kubishana naye juu ya mfupa. Fundi alisubiri wateja waishe.

“Kilo ngapi, Fundi?”

“Leo sitaki nyama. Nataka kilichomo ndani ya kitabu cha kijani.”

Mwenye bucha alianza kunoa kisu ambacho kilikuwa kikali tayari. “Kitabu gani?”

“Bwana Bucha, mimi na wewe tu humu.”

Alichungulia mlangoni, akainama, akatoa chini ya mizani kitu kilichofungwa kwa gazeti. “Ni cha mke wangu.”

“Mkeo ana dole gumba kubwa.”

Bwana Bucha alicheka, taratibu kwanza, kisha mpaka mizani ikatikisika. Alifungua kitabu katikati. Kikaratasi kilikuwa hapo, upande wa vipimo juu.

“Maoni yangu umeyasoma?”

“Nithubutu wapi? Ulinitajia muuaji, ukamuua na kaka mdogo wa vitani kabla sijamzoea. Kikaratasi chako nakipita kama nyumba yenye mbwa.” Alipangusa mikono. “Upande huu ndio nimeusoma. Mabega kumi na tano, kiuno ishirini na nane, nyonga arobaini na moja. Nikajua umempima yule binti wa kitabuni. Nikasema, huyu fundi ndiye anayesoma, maana mwandishi mwenyewe nyonga hakuzitaja.”

Fundi hakucheka, kwa sababu alikuwa ameona doa. Lilikaa juu ya urefu, na wino umesambaa kabisa. “Hapa ni hamsini na ngapi?”

“Hamsini na nane,” alijibu bila kutazama. “Binti mrefu yule. Ndiyo maana pale kituoni alimwona mpenzi wake kabla ya watu wote.”

Fundi aliandika nane pembeni, mara mbili.

“Nami nina ombi,” alisema Bwana Bucha. “Usiniambie mwisho.”

Mwisho ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Fundi aliumeza kama kidonge. “Soma taratibu,” alisema.

Jumamosi asubuhi zipu ilipanda bila kusita hata mahali pamoja. Wifi alimzunguka bintiye mara tatu akitafuta kasoro, akaishia kumfuta mwanawe machozi kwa ncha ya mtandio wake mwenyewe. “Haya,” alimwambia Fundi. “Kasome sasa.”

Wiki mbili baadaye mkutubi alimkabidhi kitabu cha kijani. Ndani yake mlikuwa na kipande cha karatasi ya kufungia nyama, maandishi makubwa, yameinama: “Pindo lipo. Ulisoma huku unashona. Rudia kurasa kumi za mwisho.”

Fundi alikilaza kitabu wazi dirishani, mkasi juu yake, mbele ya pazia lililobaki nusu. Alisoma mistari miwili. Kisha akauondoa mkasi juu ya ukurasa, akatoa miguu kwenye kanyagio, akakishika kitabu kwa mikono yote miwili.