Jeki Chini ya Kitanda Changu

Mjomba wangu alizaliwa kisiwani Fuma, akawa nahodha hadi magoti yalipomkataa, kisha akahamia Kismayu na kununua gari. Lilikuwa steshenwagoni kuukuu, na upande wa mbele kulia likigonga. Ngo, ngo, kila tukipita shimo, nasi hatupungukiwi na mashimo. Mtaa mzima ulijua anakuja kabla hajakata kona.

Fundi mmoja alilitikisa gurudumu kwa mikono miwili, akatwambia bol jointi imekwisha. "Ni kama kifundo cha mguu," alisema. "Ikichomoka, gurudumu linalala."

Mjomba alimshukuru kwa adabu, akaondoka. Njiani akatwambia fundi yule hana sikio. "Mimi nimesikiliza mbao za chombo maisha yangu yote. Huo ni mlio wa jeki. Inacheza huko nyuma kwenye buti."

Mkewe, ambaye mimi humwita Mama kwa kuwa ndiye aliyenilea, hakubishana naye. Nilipaswa kuogopa papo hapo. Mama akinyamaza huwa anapanga jambo.

Asubuhi iliyofuata, mjomba alipokuwa msikitini, Mama aliniita uani. Tulifungua buti tukatoa jeki, spana, hata kopo tupu la oili. Tukavificha chini ya kitanda changu.

"Leo tutamwuliza ni jeki gani inayogonga," alisema, akaziba mdomo kwa mtandio asicheke. Nilikuwa mwanamke mzima, mwalimu wa madrasa, na bado nilicheka hadi nikaketi chini.

Mchana tulikuwa tunakwenda harusini. Mama alikaa mbele, mimi nyuma na sinia la sambusa mapajani. Shimo la kwanza: ngo.

"Karibu!" Mama akaitikia, kama mtu aliyebishiwa hodi.

Mjomba akamtazama. Shimo la pili: ngo, ngo.

"Karibu, mlango uko wazi!" nikaitikia mimi.

"Hakuna mchu hapo," mjomba akasema kwa Kibajuni, jambo analolifanya akikasirika. "Ni jeki."

"Jeki," Mama akakubali kwa upole uliozidi kiasi. "Basi tukifika utatuonyesha."

Hatukufika. Karibu na njia ya bandarini, tukienda mwendo wa punda, ulisikika mlio mwingine, mzito, mmoja tu. Gari likainamisha pua na kukwaruza ardhi. Sambusa zikaniruka hadi kwenye kiti cha mbele. Gurudumu la kulia lilikuwa limelala kando kabisa, kama alivyosema fundi.

Tulipohakikisha kila mmoja ni mzima, mjomba alishuka na kanzu yake nyeupe, akalizunguka gari, akafungua buti atoe jeki. Akainua hata zulia la buti. Kisha akaja dirishani kwangu, taratibu.

"Iko wapi?"

Nikamtazama Mama. Mama akaokota sambusa moja, akaipangusa vumbi, akaila.

"Kwa hiyo haikuwa jeki," akasema.

Kwa kweli nilijuta wakati ule. Jua lilikuwa kali, na mzee wangu alisimama katikati ya njia, magoti yakimtetemeka, mabajaji yakimpigia honi. Lakini wachukuzi wa bandarini waliotukuta hapo walifurahi sana. Walikuja wanane, wakashika ubavu wa gari, mmoja akahesabu kwa Kisomali, "Kow, laba, saddex!" wakalinyanyua juu huku wengine wakitia mawe chini. Sambusa zilizobaki kwenye sinia walizila zote. Harusini tukaenda kwa bajaji, mikono mitupu, watatu tumebanana.

Fundi yule yule alibadilisha bol jointi, pande zote mbili, na bushi za mikono ya chini, zile raba za kuzuia chuma kisigonge chuma, ambazo alitwambia zilikuwa zimekuwa kama mkate uliolowa chai. Gari likawa kimya.

Mjomba alituwekea kinyongo siku tatu. Ya nne nilimsikia barazani akiwahadithia wenzake kwamba yeye aliitambua bol jointi tangu mwanzo, kwa sikio tu, ila wanawake wa nyumbani hawakumwamini. Mama alikuwa anawapelekea kahawa. Alisimama mlangoni na birika, akasikiliza hadi mwisho, kisha akawamiminia wageni wote, akamruka yeye.