Abiria Niliowahesabu Bila Kupanda Mlima

Nakumbuka Jumanne moja nilipokaa peke yangu kwenye benchi la stesheni ndogo chini ya milima ya Upare, nimevaa suruali mpya ya bugaluu iliyopanuka chini, daftari mapajani, nikingoja abiria ambao karibu wote hawakuja. Nilikuwa na umri kama wako, mwanangu, wewe uliyekuja juzi hapa Same na kompyuta yako ukatukusanya ukumbini kutueleza habari za treni ya ziada kati ya Dar es Salaam na Arusha. Ulisema stesheni ndogo hazina abiria wa kutosha, na kwamba treni mpya itazipita ili iwahi kufika. Ulisema kwa adabu, na kila mzee ulimwamkia. Nami nilinyoosha mkono niseme neno, kisha nikaushusha. Barua hii ni lile neno.

Wakati ule nilikuwa karani wa ratiba. Ratiba tuliichora kwa mkono kwenye karatasi pana kama shuka, kila treni mstari wake. Wewe unaichora kwa kidole kwenye kioo, lakini reli ni ileile ya njia moja. Treni mbili zikikutana, moja huingia pembeni stesheni ikangoja mwenzake apite. Ukimwongezea huyu, unamngojesha yule. Ofisi ilikuwa inapanga treni ya ziada, ipite kila Alhamisi kwenda juu na Ijumaa irudi, na swali lilikuwa moja tu kwa stesheni kama ile ya kwetu: isimame au isisimame?

Mkuu wangu akanituma mimi, kwa kuwa ni Mpare wa Suji, kijiji cha huko mlimani. "Wewe unawajua watu wako," akaniambia. "Hesabu wanaopanda Jumanne, halafu panda mlimani siku tatu, uwaulize wanaotaka kusafiri." Kazi nyepesi, mwanangu. Na kazi nyepesi ndiyo inayomwaibisha mtu, maana hata kisingizio huna.

Asubuhi ya Jumanne ile nilisikia baragumu likilia kutoka mlimani. Wewe huenda hulijui, nikueleze. Kwetu tuna ndiva, bwawa dogo walilotuachia wazee, linalojaa maji usiku na kufunguliwa asubuhi yashuke mashambani kwa zamu. Mvua kubwa ikilijaza udongo, baragumu hupigwa na kila nyumba hutoa watu wa kuzibua. Huo ndio msaragambo. Asiyekwenda hutozwa mbuzi, na maneno atakayoambiwa yanauma kuliko mbuzi. Juma lile mlima mzima ulikuwa kwenye tope.

Abiria nilipata watatu: mwalimu mmoja na mkewe, na mzee wa Kimaasai kutoka mbugani aliyekuwa anakwenda Moshi kumwona mwanawe. Mzee yule alinitazama nikiandika.

"Kijana, unahesabu nini?"

"Abiria, mzee."

"Watu wa mlimani leo wako kwenye maji yao," akasema. "Njoo uhesabu juma lijalo."

Nikamjibu asante baba, nikaandika tatu.

Sasa nikuambie jambo ambalo nimewaficha ndugu zangu karibu miaka hamsini. Sikusahau kupanda mlimani. Niliogopa. Nilijua nikionekana Suji juma la msaragambo nitakabidhiwa jembe pale pale njiani, hakuna cha karani wala cha mkuu wa makarani, nami nilikuwa na bugaluu iliyonichukua muda mrefu kuipata. Basi nikadandia lori nikaja hapa Same. Siku tatu nilikunywa chai na chapati hotelini, nikatembea barabarani nionekane, nikapiga picha studio nimesimama kando ya chombo cha maua. Picha ile ninayo. Suruali imetoka vizuri kuliko mwenyewe.

Siku ya nne nikaandika ripoti: "Wakazi wa milimani hawana haja ya usafiri wa ziada." Mwandiko ulikuwa mzuri sana. Ofisi ikaamini, kwa nini isiamini? Aliyeandika ni mtoto wa pale pale.

Wiki mbili baadaye nikapata barua ya dada yangu Namsifu. Alikuwa mjane, ana mtoto mchanga aliyeitwa Ruthi, aliyezaliwa na mguu mmoja umepinda kwa ndani. Hospitali ya Moshi walikuwa wanaunyoosha kidogo kidogo kwa hogo, ile plasta ngumu ya kufungia mfupa, na hogo ilitakiwa kubadilishwa kila baada ya wiki mbili mifupa ikiwa bado laini. Lakini treni iliyokuwapo ilikwenda Jumanne na kurudi Jumapili. Mabasi yalikuwa machache, nayo yalipita yamejaa tangu yalikotoka. Mjane mwenye watoto wengine watatu na shamba la maharage hawezi kukaa Moshi siku tano kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo zamu moja alikwenda, nyingine alikosa. Akaniandikia: "Mdogo wangu, tumesikia treni ya Alhamisi inakuja. Nitalala usiku mmoja tu na kurudi. Daktari anasema mguu utanyooka tukiwahi. Mungu amekuweka ofisini kwa ajili yetu."

Niliisoma nimesimama. Ratiba ilikuwa haijachapishwa. Ningeweza kwenda kwa mkuu wangu siku ileile nikasema, bwana, nilidanganya. Mguu wa mtoto ulikuwa mikononi mwangu, na nilijua. Nikaikunja barua nikaitia mfukoni. Nilijiambia watafanya mpango mwingine, watu wa mlimani hawakosi njia. Mtu akitaka kukwepa, mwanangu, ghafla huwaona wenzake wana nguvu nyingi.

Treni ilipofanya safari yake ya kwanza, makarani tulipewa nafasi ya kupanda. Nilikaa dirishani. Tulipokaribia stesheni ya kwetu nikaona watu wamejaa, mchana kweupe, wamevaa nguo za kanisani. Wanawake wa Suji walikuwa na vikapu, Wamaasai walikuwa na vibuyu vya maziwa, wengine walikuwa wanaimba. Nani angewaambia kwamba haisimami, na mtoto wao ndiye mpanga ratiba? Namsifu alikuwa mbele kabisa, Ruthi mgongoni, mguu wenye hogo umetokeza kwenye kanga. Alipunga mkono. Treni haikupunguza mwendo. Nikaona uso wake ukitoka kwenye furaha na kuingia kwenye kutoelewa, halafu vumbi. Sijui kama aliniona. Nilikuwa nimeinama kama ninayefunga kamba za viatu.

Niliona aibu ambayo hata leo naiandika masikio yakiwaka moto.

Nilikaa mwezi mzima sijala nikashiba, ndipo nikaomba likizo nikapanda nyumbani. Sikufika kwa dada yangu. Njiani nilikutana na Mzee Mchome, msimamizi wa ndiva, aliyekuwa anagawa zamu za maji tangu kabla sijazaliwa. Nilimwamkia, akaitika marahaba, kisha akaniambia nimfuate. Tulikaa kwenye ukingo wa ndiva, maji yametulia, yeye ananoa panga lake polepole. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Tumesikia karatasi ilisema hatuna haja ya treni," akasema. "Ulituhesabu lini?"

"Lile juma la msaragambo, mzee."

"Ulituhesabu tukiwa huku kwangu." Akapitisha panga kwenye jiwe. "Baragumu ulilisikia?"

Ningeweza kusema sikulisikia. Upepo wa tambarare hupeleka sauti kokote. Lakini mzee yule alinitazama, na uongo ukanikwama.

"Nililisikia."

"Basi hukukosea, mwanangu. Anayekosea hajui. Wewe ulidanganya."

Hakuna aliyewahi kunichapa fimbo ikauma hivyo. Nikalia, mtu mzima mwenye kazi ya serikali. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akanionyesha mfereji unaoshuka bondeni.

"Mimi nikitaka kujua maji yanatosha, siulizi wenye mashamba hapa karibu. Hawa watasema yanatosha hata kama ni kikombe. Nashuka mpaka kwa mjane wa mwisho kabisa kule chini, namwuliza, mama, yamekufika? Akisema hapana, nimegawa vibaya, hata kama huku juu wote wananisifu. Na nikiongeza zamu mpya, namwambia kwa mdomo wangu yule ninayempunguzia. Simwachi aamke akute mfereji mkavu." Akasimama. "Nenda ukaseme ulikoandika."

Nilirudi mjini nikasema. Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi au kwamba nilipongezwa kwa ukweli wangu. Nilipoteza cheo, nikapelekwa stoo kuhesabu taa na bendera. Mkuu wangu alisema jambo moja tu, kwamba taa angalau hazina msaragambo. Ratiba yenyewe ilikuwa imekwisha kuchapishwa, ikabidi tungoje ya msimu mwingine. Miezi ikapita. Ilipotoka mpya, treni ya Alhamisi ikaanza kusimama kwetu, na walipanda watu wengi hata stesheni masta akaishiwa tiketi.

Namsifu alipanda na Ruthi. Daktari akautazama mguu, akaubonyeza, akasema mifupa imekwisha kukaza. Kungekuwa na zamu zisizokosekana, alisema, ungenyooka. Sasa watafanya wawezalo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia nilikuwa mimi, na guu lililoharibika halikuwa langu.

Ruthi ni mama mzima sasa, fundi cherehani hapa hapa mjini, mwenye wateja mpaka wa Mwanga na Lembeni. Anachechemea. Ngazi zinampa shida, na siku za baridi mguu humuuma hata akawawakia wateja. Miaka yote hii ananiita mjomba, ananishonea mashati, na ananifokea nisipokula. Dada yangu alifariki bila mimi kumwambia kilichotokea. Nilimwomba msamaha wa mambo madogo madogo, lile kubwa nikalizunguka.

Juzi nilipotoka kwenye mkutano wako nilikwenda moja kwa moja kibandani kwa Ruthi. Nilisubiri mteja aondoke. Kisha nikamwambia yote: bugaluu, chapati, ripoti, barua, na vile nilivyoinama dirishani. Yeye aliendelea kushona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi.

"Mjomba, najua," akasema. "Mama aliniambia nikiwa darasa la tatu, watoto waliponicheka. Alikuona dirishani. Alisema nisikuulize hata siku moja, utasema mwenyewe ukiwa tayari."

Nikamuuliza, na hukunichukia?

"Nilikuchukia nilipokuwa msichana. Sana. Halafu nikachoka." Akanitazama. "Lakini kuniambia mimi leo hakunisaidii kitu, mimi mguu wangu naujua. Kuna mama yuko huko mlimani sasa hivi, simjui wala wewe humjui. Kaseme kwa wale vijana wa treni, kabla hawajachapisha."

Ndiyo maana nakuandikia, mwanangu, kwa mwandiko huu unaotetemeka. Sikujui vya kutosha kukuita mwongo, wala sidhani hivyo. Pengine hesabu zako ni sahihi kabisa. Nakuuliza tu ulizifanya siku gani, na watu walikuwa wapi siku hiyo. Ulipouliza kwa simu, mama asiye na simu alijibuje? Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuandika jibu la mtu ambaye hukumfikia. Basi panda. Nenda Suji kwa miguu yako, nenda mbugani kwa wafugaji, vaa suruali isiyoogopa tope, na wakikupa jembe lishike, maana mtu husema kweli zaidi akiwa na mwenzake kazini kuliko ukumbini kwenye viti. Anza na yule wa mwisho kabisa. Na kama baada ya hayo yote treni haitaweza kusimama, kwa maana si kila mahali itasimama, nalijua hilo, nilikuwa karani, basi nenda ukawaambie wewe mwenyewe, uso kwa uso, wasije wakavaa nguo za kanisani bure.

Na ukigundua umekosea, sema siku hiyohiyo. Usingoje likizo. Mimi nilingoja mwezi, ratiba ikangoja msimu, na mifupa ya mtoto haikungoja mtu.

Mungu akujalie miguu ya kupanda na ulimi mwepesi wa kusema nimekosa. Azibariki kazi za mikono yako na kompyuta yako pia. Atakayepanda treni yako afike salama kwao, na atakayeingoja na mtoto mgongoni, isimpite. Amina, mwanangu.