Amana za Watu wa Unguja

Safari ile ya kupumzika Unguja niliipanga mimi. Mume wangu kazi yake ilikuwa kuuliza tunaondoka lini. Nilihangaikia picha za vibali vya kuvukia, nikatafuta chombo, nikapepeta mchele wa wiki mbili kwa sababu kule wakati ule mchele ulikuwa wa foleni. Bagamoyo nzima ikasikia tunavuka. Kila jirani akaleta kifurushi cha ndugu yake: unga, sabuni, kanga, chupa za asali ya Mkange. Mume wangu akavipokea vyote, huku akimwambia kila mtu, "Hakuna taabu."

Asubuhi ya safari nahodha aliutazama mzigo akasema chombo kimezidiwa. Ama vifurushi vipungue, ama mtu mmoja ashuke. Mume wangu hata hakufikiri.

"Shuka wewe, mwenzangu," aliniambia. "Vitu vya watu ni amana."

Nikashuka, maji yakanifika magotini, na mchele wangu ukaenda naye. Hasira ile haijanitoka mpaka leo. Siku ya ndoa yetu baba yangu alimshika mkono mbele ya watu akamwambia, "Binti yangu ni amana, nakukabidhi." Naye akajibu kwamba ameipokea.