Kwenda Issenye Kuiona Mashine ya Kukanda Udongo

Niliondoka kwetu Susuni kwa sababu mbili, na moja tu kati ya hizo ni ya heshima. Ya heshima ni dada yangu Bhoke. Alihamishiwa kijiji kipya cha ujamaa nje kidogo ya Issenye mwaka uleule aliofiwa na mumewe, na tangu hapo yeye na wanawe wanalala katika kibanda cha nyasi. Alimtuma mchuuzi wa ng'ombe aniambie kuwa matofali ya nyumba yake yanapasuka kila yanapotengenezwa, na masika yako mlangoni. Sababu ya pili ni miguu yangu, ambayo haijawahi kutulia nyumbani msimu mzima wa mahindi. Mchuuzi aliposema kijiji kina mashine ya kukanda udongo, miguu ilianza kuwasha.

Ujanani nilifanya kazi katika kiwanda cha matofali na vigae upande wa Kisumu. Huko mashine ya namna hiyo ndiyo ilikuwa mama wa kiwanda: pipa refu la chuma, ndani yake mhimili wenye visu. Udongo uliolowekwa huingia juu ukiwa mabonge, hutoka chini laini kama ugali wa muhogo uliosongwa na mtu mwenye hasira. Bila kuukanda hivyo, ukiushindilia kwenye kalibu ya matofali unashindilia hewa na mawe. Sijawahi kupenda kitu cha kampuni wala cha serikali, ila pipa lile nililipenda, na harufu yake ya tope na grisi bado ninayo puani.

Tarime, asubuhi. Basi la Musoma lilikuwa limeegeshwa, utingo mlangoni akituapia kuwa ni zima kabisa, na dereva yuko uvunguni na kipande cha waya. Tulimsadiki utingo kwa sababu hatukuwa na basi lingine.

Kirumi, kwenye pantoni. Tulipanga foleni juani hadi midomo ikakauka. Kisha ikaja Landrova ya mheshimiwa mmoja, ndani yake mbuzi wawili, nao wakavuka kabla yetu sote. Mzee aliyekuwa mbele yangu alisema, "Kumbe ndugu zetu wengine wana pembe." Hakuna aliyecheka kwa sauti.

Issenye, alasiri ya siku ya pili. Nilitembea kutoka barabarani hadi kijijini. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari miwili iliyonyooka, ili kiongozi akipita na gari aweze kuzihesabu bila kugeuza shingo. Nyingi zilikuwa fito tupu zinazosubiri kuta.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umenenepa, mura, mdogo wangu. Kumbe Susuni bado mnakula?"

Alinionyesha kibanda chake. Usiku niliweza kuziona nyota mahali palipotakiwa kuwa na nyasi. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza katika zamu kwa kuwa ni mjane, lakini mara tatu matofali yalikuwa yametengenezwa, na mara tatu yamepasuka kivulini kabla hayajafika kwake.

Kesho yake asubuhi, mashineni. Nikaona jambo la kwanza la kudharau. Mashine ilikuwa chini ya bati. Bhoke na watoto chini ya nyasi zilizotoboka, na pipa la chuma chini ya bati, limepakwa rangi ya kijani na kuzungushiwa mashada ya maua ili wageni wapige picha. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye sauti ya mkutanoni hata anapoomba maji, alinipokea.

"Karibu, ndugu mgeni, uyaone maendeleo."

Nikaiona mistari ya watu. Wanaume kwa wanawake walikuja na karai na vikapu, kila mmoja akimwaga udongo wake shimoni kwa zamu. Mwekundu, wa kichuguu, wa kichanga, na mweusi wa mbugani. Wote katika shimo moja, wote ukamwagiwa maji, kisha ukapandishwa kwenye pipa.

"Mbona wa kila namna?" nikauliza.

"Kila familia imeleta udongo wa hame lake," alisema Mwenyekiti. "Tuliacha makaburi kule, tuliacha maboma ya baba zetu. Watu walikuwa wananung'unika. Kamati ikaamua kila mtu alete udongo wa kwao, mashine iuchanganye, na kila nyumba iwe na sehemu ya kila mtu. Watu wote ni sawa, na udongo wote ni sawa."

"Na matofali?"

Magesa, fundi wa mashine, alijibu huku akifuta mikono kwa tambara. "Yanapasuka, ndugu. Lakini yanapasuka kwa usawa."

Nikaokota kipande kilichovunjika. Kilikuwa na michirizi myeusi kama mishipa. Udongo wa mbuga unakunywa maji na kuvimba kama kupe, kisha ukikauka unanywea na kuvuta wenzake. Pipa linaweza kuukanda hadi Krismasi, hautaacha tabia yake. Nilicheka. Nilicheka sana, mbele ya watu wote.

"Utoeni huo mweusi."

"Wa nani utoke?" Mwenyekiti aliuliza. "Ukimtoa mmoja atasema ukoo wake umedharauliwa. Hapa tumeacha kuchinjana juzi tu."

"Wa huyo mjinga aliyeutoa mbugani."

Watu wakatazama chini. Bhoke akashusha karai lake kichwani.

"Mjinga ni mimi," alisema. "Nimeuchota kando ya kaburi la mume wangu, Marwa. Amelala kule peke yake. Nilitaka awe ukutani kwetu."

Nikajifanya navikagua visu.

"Umekuja kujenga au umekuja kucheka?" akaniuliza. "Kama ni kucheka, fisi wa hapa wanacheka, na hawakutumiwa mtu kuwaita."

Hapo ndipo watu walipocheka, Magesa kuliko wote. Bhoke alipiga magoti, akaufinyanga udongo wake kwa vidole. Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Una hakika?"

"Nina hakika, dada. Ukiwemo, ukuta hautasimama."

"Basi utolewe."

Mwenyekiti alitaka kuitisha mkutano. Kweli kabisa. Alianza kumtafuta katibu.

"Mkutano wa nini, mzee wangu?" Bhoke alisema. "Udongo ni wangu, nyumba ni yangu, na mvua itakayonyesha ni yangu. Wa Marwa nitausiriba sakafuni na mavi ya ng'ombe. Sakafu ikipasuka nitaisiriba tena Jumamosi. Ukuta ukipasuka utawaangukia watoto."

Akaondoka na karai lake. Familia mbili nyingine zilizotoka mbugani zikachukua vikapu vyao na kumfuata, bila katibu.

Tukautupa udongo wote uliokwisha kuchanganywa shimoni na kuanza upya. Magesa alikwangua pipa hadi chuma kikang'aa. Udongo wa familia nyingine ukalowekwa chini ya magunia mabichi, ukakandwa, ukatoka mdomoni mwa pipa mwekundu na mzito, na nikaushika mkononi kama kijana wa Kisumu. Matofali yalikauka kivulini bila ufa. Jioni moja nilimsikia Mwenyekiti akiwaeleza wageni kwamba kamati yake imegundua njia bora. Wageni wakaandika.

Nilikaa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mahali popote. Majirani walijenga kuta, tukaezeka nyasi mpya, na mvua ya kwanza ilitukuta ndani, asubuhi, watoto wakinyoosha mikono juu kutafuta tone na kulikosa. Sakafu ilikuwa nyeusi, laini, imesiribwa kwa mikono. Niliingia kuaga na mzigo wangu begani.

"Vua viatu," Bhoke alisema. "Unamkanyaga shemeji yako."

Nikavua. Akanicheka, na ilikuwa haki yake.

Nilirudi kwa kuzunguka Mugumu, maana barabara ya Musoma ilikuwa imekatika. Hotelini pale sokoni bwana mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni alinisimulia kuhusu kijiji cha mfano huko Issenye, na kamati yake yenye akili. Nilimwachia chai yake na kamati yake.

Nilichojifunza ninakieleza hivi. Pipa la kukandia halina akili wala huruma. Linachanganya ulichotia, basi. Kuchagua kisichotiwa ni kazi ya mtu, na ni kazi inayouma, ndiyo maana kamati iliiachia mashine. Dada yangu aliifanya kwa asubuhi moja, amepiga magoti kwenye tope, kisha akaenda zizini kutafuta mavi ya ng'ombe.